Kamongo wa Mwalo: Uchambuzi wa Kisa cha Shujaa Aliyeficha Uso

Kisa ninachokichambua hapa ni cha kubuni. Nimekijenga kutokana na mambo ambayo kila anayeishi kando ya ziwa hapa Mwanza anayafahamu: injini za mitumbwi huibwa, nyavu hukatwa usiku, na mtu akishapigiwa kelele za mwizi mwaloni, yaani ufukweni mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga, huwa hana muda wa kujieleza. Swali ninalotaka kulijibu ni kama shujaa wa hadithi za vinyago na majoho angeweza kufanya kazi yake Tanzania bila kuvunja sheria, na swali hilo halijibiki kwa maneno ya jumla. Lazima awepo mtu, usiku, silaha, jeraha na maiti, ndipo vifungu vya sheria vipate cha kushika. Namba za vifungu ninavyovitaja zinafuata Toleo la mwaka 2022 la Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na la Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20.

Kisa chenyewe

Tuseme ni mwalo mmoja upande wa Igombe, wilayani Ilemela. Katika miezi michache wavuvi wa dagaa wameibiwa injini kadhaa. Injini ndiyo mtaji mkubwa wa tajiri mwenye mtumbwi, na ndiyo riziki ya vijana wanaotoka nao kila giza la mwezi, kwa hiyo inapoibwa familia kadhaa huumia kwa pamoja. Taarifa zimepelekwa polisi, RB (namba za taarifa zilizoandikishwa kituoni) zimetolewa, na hakuna injini iliyorudi. Ndipo anapotokea mtu asiyejulikana, aliyevaa koti jeusi la mvua na kujifunga kitambaa usoni, akawa anazunguka mwaloni usiku. Wavuvi wanampa jina la Kamongo, kwa samaki yule anayejificha topeni na kuuma asipotarajiwa.

Usiku wa kwanza anawakuta watu watatu wakifungua injini. Mmoja wao anamvamia mlinzi wa mwalo kwa panga. Kamongo anampiga kwa kasia, mkono unavunjika na panga linaanguka. Wa pili anakamatwa na kufungwa kamba, na wa tatu anatokomea gizani. Yule aliyevunjika mkono anaachwa kwa mlinzi, ambaye anawaita polisi, lakini yule aliyefungwa kamba Kamongo anaondoka naye. Anamfungia katika ghala la dagaa hadi karibu na mapambazuko, na mara kwa mara anamtoa na kumzamisha kichwa ziwani, akimtaka ataje wenzake. Mtu huyo anamtaja mfanyabiashara mmoja wa mjini kuwa ndiye anayenunua injini za wizi, kisha anamtaja kijana mchukuzi wa magunia ya dagaa kuwa ndiye yule wa tatu aliyekimbia. Baada ya hapo Kamongo anamwachia aende zake.

Usiku unaofuata Kamongo anavunja kufuli la stoo ya mfanyabiashara huyo, anakuta injini sita, anapiga picha namba zake, anachukua daftari la mauzo na kuliacha, pamoja na picha, kwenye geti la kituo cha polisi. Kulipokucha, karatasi imebandikwa kwenye nguzo ya mwalo. Ina majina mawili, la mfanyabiashara na la mchukuzi, na chini yake sentensi moja: “Hawa ndio wezi wa injini, mnajua la kufanya.” Mchukuzi anafika mwaloni saa mbili asubuhi kuanza kazi yake. Anapigiwa kelele, anapigwa mawe na marungu, na anafariki kabla gari la polisi halijafika. Baadaye inabainika kwamba usiku wa wizi alikuwa Nansio, kisiwani Ukerewe, kwenye msiba wa ndugu yake, mbele ya waombolezaji wengi. Gazeti lingeandika kwamba ameuawa na wananchi wenye hasira kali.

Kasia na panga

Nianze na sehemu ambayo watu wengi huielewa vibaya, kwa kuwa hudhani sheria inamtaka raia asimame kando na kutazama mpaka askari afike. Haimtaki hivyo. Kifungu cha 18A cha Kanuni ya Adhabu kinampa kila mtu haki ya kujilinda na ya kumlinda mtu mwingine yeyote dhidi ya shambulio lisilo halali, na pia haki ya kulinda mali yake au ya mwenzake. Kifungu hakidai kwamba anayelindwa awe ndugu wa anayemlinda, wala kwamba anayemlinda awe amevaa sare. Kipimo kimewekwa katika kifungu cha 18B: nguvu inayotumika iwe ya kadiri na iwe ya lazima kwa ulinzi huo, na anayezidisha anawajibika kwa kosa lolote linalotokana na kuzidisha huko. Akisababisha kifo kwa kuzidisha, ana hatia ya kuua bila kukusudia. Kifungu cha 18C kinaenda mbali zaidi na kuruhusu hata nguvu ya kuua katika mazingira machache, kwa mfano pale mtu anapokuwa na sababu za msingi za kuhofia kwamba yeye au mwenzake atauawa au atapata madhara makubwa.

Kwa vipimo hivyo, pigo la kasia ni halali. Panga lilikuwa hewani, mlinzi hakuwa na pa kukimbilia, na Kamongo alipiga mkono ulioshika silaha. Kama baada ya panga kuanguka angeendelea kumpiga mtu aliyekwisha kulala mchangani, kila pigo la nyongeza lingepimwa peke yake, na naamini lingeshindwa kipimo. Kisa hakituelezi kwamba alifanya hivyo, na sina sababu ya kumwongezea kosa.

Kumkamata yule wa pili nako ni halali. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinamruhusu raia wa kawaida kumkamata mtu anayetenda mbele yake makosa ya aina zinazotajwa katika sheria hiyo, na kinamruhusu mwenye mali, mtumishi wake au aliyepewa idhini naye kumkamata anayekutwa akiiharibu mali hiyo. Neno la kuzingatia ni kwamba kosa litendwe mbele yake. Uwezo wa raia unatoka katika macho yake mwenyewe, na unaishia pale macho hayo yanapoishia. Kwa hiyo Kamongo alikuwa na uwezo juu ya wale watatu usiku ule, ufukweni pale, na kamba aliyoitumia inakubalika alimradi haikumbana mtuhumiwa kuliko ilivyohitajika kumzuia asitoroke.

Kuhusu kitambaa cha usoni, kukivaa peke yake si kosa. Kanuni ya Adhabu humgusa mtu aliyeficha uso au kujibadilisha sura kwa nia ya kutenda kosa, na usiku wa kwanza Kamongo hakuwa na nia hiyo. Alipokwenda kuvunja stoo akiwa amejifunga kitambaa kilekile hali ilikuwa nyingine, kwa sababu safari hiyo alikwenda akijua atakachokivunja.

Hadi hapa, basi, tuna raia aliyetumia haki zake zote vizuri na kwa ujasiri mkubwa. Nasisitiza jambo hili kwa sababu mijadala mingi kuhusu mashujaa wa hadithi huanza na dhana kwamba wao ni wavunja sheria tangu hatua ya kwanza. Anayemwokoa mlinzi kwenye panga hajavunja chochote. Msomaji wa riwaya za Kiswahili amewajua mashujaa wa namna hii siku nyingi: Willy Gamba wa Elvis Musiba hutumwa na dola na hutenda kwa mamlaka yake, na Joram Kiango wa Ben Mtobwa ni mpelelezi wa kujitegemea, ambaye kila anapoingia mahali asipoalikwa huingia kwa hatari yake mwenyewe kisheria, hata kama sisi wasomaji tunamshangilia.

Ghala la dagaa

Sheria inamtaka raia aliyemkamata mtu amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa pasipo sababu ya msingi, au kama askari hayupo, ampeleke kituo cha karibu. Polisi walikwisha kuitwa na mlinzi, na walikuwa njiani. Kamongo alipomchukua mtuhumiwa na kuondoka naye, ukamataji halali ulikoma na kifungo kisicho halali kikaanza. Kila saa ndani ya ghala ni sehemu ya kosa la kumzuia mtu isivyo halali, na kila mzamo wa kichwa majini ni shambulio. Ibara ya 13(6)(e) ya Katiba ya mwaka 1977 inakataza mtu kuteswa au kuadhibiwa kinyama, na haitoi msamaha kwa sababu anayeteswa ni mwizi kweli.

Kanda ya Ziwa ina historia yake katika jambo hili. Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani kufuatia vifo vya watuhumiwa waliokuwa mikononi mwa vyombo vya dola huko Shinyanga. Watuhumiwa hao walikuwa wamekamatwa katika juhudi za kukomesha mauaji ya vikongwe na watu wengine walioshukiwa uchawi, jambo ambalo kila mtu mwema alitaka likomeshwe. Waziri hakumgusa mtuhumiwa hata mmoja kwa mkono wake, na bado alikubali kwamba lazima mtu fulani mwenye jina na cheo awajibike kwa yaliyotendwa kwa nia njema. Kamongo hana cheo cha kujiuzulu, na jina lake halijulikani.

Hapa ndipo hadithi na maisha vinapoachana kabisa. Katika vitabu vya picha na filamu, mhalifu anayening'inizwa juu ya ghorofa husema kweli, na husema kweli kwa sababu mwandishi anahitaji hadithi isonge mbele. Tunaposoma habari za Batman, ambaye amekuwa akichapishwa tangu mwaka 1939, hatumwogopi kwa sababu tumekwisha kuonyeshwa kurasa tatu nyuma nani alifyatua risasi. Mwandishi ametupa uhakika ambao hakimu yeyote duniani angeutamani. Mwaloni hakuna mwandishi wa namna hiyo. Kuna mtu anayemeza maji, ambaye anajua kwamba akitaja jina jingine atapata pumzi. Alimtaja mfanyabiashara, na ilikuwa kweli. Aliulizwa tena, akamtaja mchukuzi, kijana asiye na tajiri wala ukoo mkubwa pale mwaloni, na ilikuwa uongo. Kamongo hakuwa na njia ya kuyatofautisha majina hayo mawili, kwa sababu yote mawili yalitoka kinywani mwa mtu mmoja, kwa njia moja, katika usiku mmoja. Kukiri kunakotolewa hivyo hakuna hiari, na mahakama isingekupa uzito hata kama nusu yake imethibitika.

Kwa maoni yangu, kanuni ya kumhesabu mtuhumiwa kuwa hana hatia, iliyomo katika Ibara ya 13(6)(b), imewekwa kwa ajili ya watu wasio na mwandishi wa kuwaonyesha ukweli, yaani sisi sote.

Stoo ya mjini

Kuvunja kufuli ni kuharibu mali kwa makusudi, na kuingia stoo usiku kwa nia ya kuchukua daftari kunafungua mlango wa mashtaka mazito zaidi. Wakili wake angeweza kujenga hoja kwamba hakukuwa na wizi wa daftari, kwa kuwa alilichukua ili alifikishe kwa polisi na si kujinufaisha, na hoja hiyo ina nguvu. Haimwondoi kwenye kufuli.

Linalonishughulisha zaidi ni ushahidi. Nchini Marekani, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1921, katika kesi ya Burdeau dhidi ya McDowell, kwamba nyaraka zilizoibwa na watu binafsi bila serikali kushiriki hazizuiliki kutumika dhidi ya mwenye nyaraka, kwa sababu ulinzi wa kikatiba dhidi ya upekuzi humzuia mtumishi wa serikali. Ndiyo maana wanasheria wa huko husema kwamba shujaa anayeitwa na polisi kwa taa inayomulika angani yumo katika hali mbaya zaidi kuliko anayetenda peke yake: akishakuwa chombo cha polisi, upekuzi wake ni upekuzi wa serikali. Kwetu njia ni tofauti. Kifungu cha 169 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinazungumzia ushahidi uliopatikana kwa kukiuka sheria hiyo au sheria nyingine yoyote, na kinaiachia mahakama hiari ya kuukataa isipokuwa iridhike kwamba kuupokea kutakuwa na manufaa mahususi na makubwa kwa umma bila kuathiri isivyostahili haki za mtu. Hivyo daftari halifi moja kwa moja. Linapimwa.

Tatizo ni kwamba hakuna wa kulipimisha. Ushahidi wa mdomo lazima utolewe na mtu aliyeona au kusikia mwenyewe, na kielelezo lazima kiwe na maelezo ya wapi kilipatikana, nani alikichukua na kilipitia mikono gani. Mahakama ya Rufani imelisisitiza hilo sana tangu uamuzi wake katika Rufaa ya Jinai namba 110 ya mwaka 2007. Daftari lililookotwa getini halina mkono wa kwanza. Picha za namba za injini hazina aliyezipiga. Mfanyabiashara atasimama kizimbani, wakili wake atauliza nani aliyeziona injini hizo ndani ya stoo, na upande wa mashtaka hautakuwa na shahidi wa kumpandisha, wala hatakuwepo mtu wa kudodoswa. Polisi wangeweza kuitumia taarifa hiyo isiyo na jina kama chanzo cha upelelezi, wakaomba hati ya upekuzi na kwenda wenyewe, lakini mfanyabiashara aliyeamka na kukuta kufuli limevunjwa na daftari halipo hatazisubiri injini sita zikutwe pale. Uvunjaji wa Kamongo ulimwonya mtu aliyekusudia kumnasa.

Msomaji anaweza kusema kwamba mtu huyo alijificha kwa sababu anaogopa kuuawa, na hofu hiyo ni ya kweli. Majambazi wa ziwani hulipiza kisasi. Sheria imelijibu kwa kiasi. Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015 inamwezesha anayejua jambo kulieleza kwa mamlaka huku utambulisho wake ukilindwa. Tofauti ni kubwa: kule mtu anajificha kwa washukiwa na kujulikana kwa mamlaka, na huku Kamongo amejificha kwa wote, ikiwemo mahakama inayopaswa kumwamini.

Yupo mtu aliyejaribu maisha haya kweli. Mjini Seattle, mtu aliyejiita Phoenix Jones alizunguka mitaani usiku akiwa na vazi na kinyago, akikusudia kuzuia uhalifu. Oktoba 2011 alikamatwa baada ya kuwapulizia watu dawa ya kuwasha macho katika tukio aliloliona kuwa ugomvi wa kuamuliwa. Alipofika mahakamani alivua kinyago, na jina lake halisi likajulikana. Hakufunguliwa mashtaka. Ninachokiona cha maana katika habari hiyo ni kwamba hapakuwa na namna ya kuendelea kabla sura haijaonekana.

Hata anayeshinda jinai hajamaliza. Bernhard Goetz, aliyewapiga risasi vijana wanne ndani ya treni ya chini ya ardhi mjini New York tarehe 22 Desemba 1984, akisema alidhani wanataka kumwibia, aliachiwa mwaka 1987 kwa shtaka la kujaribu kuua na kutiwa hatiani kwa kumiliki silaha kinyume cha sheria tu; mwaka 1996 baraza la raia waliosikiliza kesi ya madai likaamuru amlipe mmoja wa vijana hao, aliyepooza, dola milioni 43. Kwetu pia aliyezamishwa kichwa ziwani anaweza kudai fidia, mwizi ingawa ni mwizi. Yule aliyevunjwa mkono akiwa na panga sioni atakachokipata.

Walinzi wenye majina

Mtu wa Usukumani akisikia kisa hiki atauliza Kamongo ana tofauti gani na Sungusungu, na swali hilo ni la haki. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika maeneo ya Shinyanga na Tabora, wizi wa ng'ombe na ujambazi ulizidi, na silaha zilizosambaa baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979 zilifanya hali iwe mbaya zaidi. Wanavijiji walijipanga wenyewe kwa pinde, mishale na filimbi, na yowe la mwano lilipopigwa kila mwanamume alipaswa kutoka. Walifanikiwa mahali ambapo dola haikufika. Vilevile walitoza faini bila mahakama, waliwafukuza vijijini watu waliotuhumiwa uchawi, wengi wao wanawake wazee, na baadhi yao walijikuta mahakamani kwa vifo vya watuhumiwa.

Serikali ilichagua kuwaingiza ndani ya sheria. Marekebisho ya mwaka 1989 ya sheria za mgambo yaliwatambua na kuwapa uwezo wa kukamata unaofanana na wa askari polisi. Mwaka 2006 kampuni ya Marvel ilianza kuchapisha mfululizo wa hadithi ambamo Marekani inapitisha sheria ya kuwasajili mashujaa baada ya mapambano yao kusababisha mlipuko ulioua mamia ya watu katika mji wa Stamford, na wasomaji wengi duniani walilichukulia kuwa swali jipya la kubuni. Tanzania ilikuwa imelijibu kwa sheria miaka 17 kabla, na ilikuwa na makaburi ya kweli ya kufikiria.

Sidhani jibu hilo lilikuwa kamilifu. Kumpa mtu uwezo wa askari bila mafunzo ya askari ni hatari, na lawama zilizotolewa na wanasheria na watetezi wa haki zilikuwa za msingi. Lakini kikundi cha Sungusungu kina kiongozi anayejulikana, kina katibu, kina orodha ya wanachama ambao serikali ya kijiji inawafahamu. Mtu akidhulumiwa nao anajua amshtaki nani. Hiyo ndiyo tofauti ninayoiona kati yao na Kamongo, na ni tofauti ileile iliyojitokeza ghalani na stoo: sheria yetu iko tayari kumpa raia nguvu nyingi kuliko anavyodhani, kwa sharti moja kwamba nguvu hiyo iwe na mwenyewe. Hata Katiba, katika Ibara ya 26(2), inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua kulinda sheria za nchi, na inaongeza kwamba afuate utaratibu uliowekwa na sheria.

Karatasi kwenye nguzo

Waliompiga mchukuzi wana kesi ya mauaji, na sioni utetezi wa kuwafaa. Kifungu cha 23 cha Kanuni ya Adhabu kinawashika wote wenye nia ya pamoja, kwa hiyo aliyerusha jiwe moja hawezi kujitetea kwamba jiwe lake halikuua. Wapo watakaosema walidhani kweli kuwa ni mwizi. Kifungu cha 11 humlinda mtu aliyekosea kuhusu hali halisi, kwa uaminifu na kwa sababu za msingi, lakini humpima kana kwamba hali ingekuwa kama alivyodhani. Tuchukulie basi kwamba mchukuzi angekuwa mwizi wa injini hasa, aliyekuja kazini asubuhi mikono mitupu. Kumuua bado kungekuwa kosa. Kukosea kwao kuhusu mtu hakubadilishi chochote, kwa sababu walilokusudia kumtendea mwizi wa kweli nalo limekatazwa.

Hata utambuzi wenyewe haukuwepo. Mahakama ya Rufani ilikwisha kuonya mwaka 1980, katika uamuzi ambao hutajwa karibu katika kila kesi ya tukio la usiku, kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu na usitegemewe mpaka uwezekano wote wa makosa uondolewe: mwanga ulikuwa wa kiasi gani, umbali ulikuwa upi, alitazamwa kwa muda gani, alijulikana kabla au la. Kamongo alimwona mgongoni mtu anayekimbia gizani. Wananchi hawakumwona kabisa. Waliona karatasi.

Anabaki aliyeibandika. Hakuwepo saa mbili asubuhi na hakurusha jiwe. Lakini kifungu cha 22 kinamhesabu kuwa mtenda kosa pia yule anayemshawishi au kumchochea mwingine kulitenda, na kifungu cha 24 hakimwachi kwa sababu tu kosa limetendwa kwa namna tofauti kidogo na alivyoshauri, alimradi ni matokeo yanayotarajiwa ya ushauri wake. Wakili wa utetezi atasema, na atakuwa na haki ya kusema, kwamba maneno “mnajua la kufanya” hayamtaji mtu kifo. Yanaweza kumaanisha mpelekeni polisi, au msimpe kazi, au mfukuzeni mwaloni. Upande wa mashtaka utajibu kwamba maneno husomwa mahali yalipoandikwa. Yaliandikwa kwenye mwalo ambao injini zimeibwa na RB hazijazaa kitu, yakaelekezwa kwa watu wenye hasira, na aliyeyaandika ni mtu ambaye amezunguka pale usiku mwingi na anawajua vizuri. Kifungu cha 200 kinahesabu kuwa ni dhamira ovu pia pale mtu anapojua kwamba tendo lake huenda likaleta kifo au madhara makubwa, hata kama hajali litaleta au halitaleta. Naona mahakama ikikubali kwamba Kamongo alijua hivyo, yuko katika hatari ya kweli ya kutiwa hatiani kwa mauaji chini ya kifungu cha 196, ambayo adhabu yake ni kifo. Na mahakama isiporidhika na ujuzi huo, kuua bila kukusudia ndiko kunakobaki, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha.

Uamuzi kati ya hayo mawili ungetegemea sana maelezo yake mwenyewe: alifikiri nini alipoandika, kwa nini aliubandika mwaloni ujumbe ambao angeweza kuuacha getini pamoja na daftari, na kwa nini hakuandika, katika nafasi ileile ya karatasi ileile, kwamba watu hao wapelekwe kituoni. Maelezo hayo hakuna mwingine anayeweza kuyatoa.